MAMBO YA AFYA: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa desturi twaitumia methali hii tunapompokea mjomba aliyetoka safari, au jirani aliyekuja kutujulia hali. Juma hili twapenda kuitumia kwa mgeni ambaye wenyeji wengi hawafurahi kumwona akiingia langoni. Mgeni huyo ni mkaguzi wa afya, yule ambaye wazee wengi walizoea kumwita Bwana Afya, na ambaye sheria ya Kenya humwita Afisa wa Afya ya Umma.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira ziko nyumba nyingi ambamo watoto hulala pamoja mbali na wazazi wao. Yako mabweni ya shule za upili, yako mabweni ya shule za msingi za watu binafsi, na yako makao ya watoto yatima na walioachwa, yanayoendeshwa na makanisa na vyama vya hisani. Msomaji aliye mkulima wa chai huko Nyansiongo, au wa ndizi huko Suneka, na msomaji aliye karani mjini Kisii, aghalabu ana mtoto wake au wa nduguye katika nyumba ya namna hiyo. Humlipia karo, humnunulia godoro na sanduku, humfikisha langoni, kisha hurudi kazini kwake. Tangu hapo haoni tena mahali mtoto anapolala, wala choo anachotumia, wala sufuria anamopikiwa.

Jambo tunalotaka kulisema leo ni hili. Ukaguzi wa nyumba hizi ni kinga kubwa kwa watoto wetu, lakini ukaguzi wa siku moja si ukaguzi kamili. Nyumba hupona pale mkaguzi anaporudi mara ya pili, kutazama kama aliyoyaagiza yametendeka. Na mtu awezaye kuhimiza marudio hayo kuliko wote ni mzazi mwenyewe.

Nyumba ya wengi si kama boma la mtu mmoja

Katika boma la baba, mama na watoto wanne, mtoto mmoja akiharisha usiku, mama hujua kabla jua halijachomoza. Humtenga, humpa maji ya chumvi na sukari, huchemsha maji ya kunywa ya wote, na ikiwa hali ni mbaya humbeba hadi zahanati. Maradhi hayo yakienea sana yatawapata watu sita.

Katika bweni mambo ni mengine. Mtoto mgeni wa kidato cha kwanza huona haya kusema kwamba anaharisha. Huamka usiku mara tatu, huenda chooni gizani, hurudi bila kunawa, hushika kitasa cha mlango ambacho watoto wengine 100 watakishika asubuhi. Akifika zamu ya kugawa chakula, hukigawa. Mwalimu wa zamu hujua habari hiyo siku ya tatu, wakati watoto ishirini wamekwisha kulala chini.

Tena nchi yetu ya Gusii ni nchi ya watu wengi katika eneo dogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Kwa wastani kila kilomita mraba moja ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900. Kwa hiyo shule nyingi zimejengwa juu ya vipande vidogo vya ardhi, tena juu ya miteremko. Bweni, jiko, choo na kisima vimekaribiana, na chini ya mteremko iko chemchemi ambayo jirani huteka maji yake. Choo cha shule kikivuja, wa kwanza kuugua huenda asiwe mwanafunzi, bali ni mtoto wa jirani aliye bondeni.

Maradhi ya nyumba za pamoja yanajulikana sana. Homa ya matumbo, kuhara na kipindupindu hupita katika kinyesi, kisha katika maji, chakula na mikono. Upele hupita katika blanketi na shuka zinazotumiwa na wawili. Kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo hupenda chumba kilichojaa watu na kisichopitisha hewa. Malaria nayo, ambayo katika nyanda zetu za juu hupanda baada ya mvua za masika, humkuta mtoto asiye na chandarua.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 2023, katika Kaunti ya Kakamega, Shule ya Upili ya Wasichana ya Mukumu ilifungwa mwezi wa Aprili baada ya mamia ya wasichana kuugua matumbo. Wanafunzi kadhaa na mwalimu mmoja walifariki. Wizara ya Afya ilieleza kwamba katika vipimo vilionekana vijidudu vya E. coli na Salmonella, yaani vijidudu ambavyo njia yake ni chakula na maji yaliyochafuliwa. Shule ile haikuwa ndogo wala isiyo na jina. Ilikuwa miongoni mwa shule kongwe za nchi. Tunaitaja ili msomaji ajue ya kuwa sifa ya mitihani haizuii vijidudu kuingia jikoni.

Sheria yasemaje

Watu wengi hudhani kwamba mkaguzi huingia nyumbani kwa hisani ya mwenye nyumba. Sivyo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika Kenya mwaka 1921, na ingawa imerekebishwa mara nyingi, msingi wake ni ule ule. Sheria hiyo yataja mambo ambayo ni kero yenye kudhuru afya. Miongoni mwake ni nyumba iliyojaa watu kupita kiasi, choo kilicho katika hali ya kudhuru, na kisima au maji ya kunywa yaliyochafuliwa.

Afisa akiikuta kero ya namna hiyo, humpa mhusika ilani ya maandishi yenye kusema ni jambo gani liondolewe na kwa muda gani. Mtu asipotii ilani, shauri lake laweza kupelekwa mahakamani, na mahakama yaweza hata kuamuru nyumba isikaliwe mpaka itengenezwe. Msomaji aangalie utaratibu huo vizuri: kwanza kuona, pili ilani, tatu muda, nne kutazama tena. Sheria yenyewe haikukusudia mkaguzi aje mara moja, aandike, aende zake.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kazi nyingi za afya zilikabidhiwa serikali za kaunti, nazo zilianza kufanya kazi mwaka 2013. Kwa hiyo maafisa wa afya ya umma wa Kisii na Nyamira ni watumishi wa kaunti zao. Lakini mambo ya shule yapo chini ya Wizara ya Elimu, yenye wakaguzi wake, na makao ya watoto yapo chini ya maafisa wa watoto wa Serikali ya taifa. Nyumba moja, basi, yaweza kupata wageni wa namna tatu. Huyu hutazama choo na jiko, yule hutazama masomo na usalama, na wa tatu hutazama daftari la watoto. Hatari iliyopo ni kwamba kila mmoja adhani mwenziwe ameliona lile ambalo yeye hakuliona. Yafaa ripoti zote tatu zikae katika jalada moja ofisini mwa mkuu wa nyumba, ili mgeni wa leo asome aliyoyaandika mgeni wa jana.

Kuhusu makao ya watoto kuna jambo la kuongeza. Mwezi wa Novemba 2017 Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2020 ilitolewa ripoti juu ya hali ya taasisi za watoto katika kaunti tano, na Nyamira ilikuwa mojawapo, pamoja na Kiambu, Kilifi, Kisumu na Murang'a. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mpango wa mageuzi wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, vyataka mtoto alelewe katika jamaa kila iwezekanapo, na makao yawe kimbilio la mwisho. Wengine huuliza, "Ikiwa makao haya yanapunguzwa, ya nini kuyakagua?" Jibu ni rahisi. Mtoto anayengojea kurudishwa kwa jamaa yake mwakani atalala katika makao hayo usiku wa leo.

Hesabu ambayo kila mtu aweza kuifanya

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba kukagua ni elimu ya wataalamu. Kweli, kupima maji kwataka maabara. Lakini mambo makubwa ya nyumba ya pamoja yaweza kujulikana kwa utepe wa kupimia na akili ya kuhesabu, vitu ambavyo karani na mkulima wote wanavyo.

Tuanze na vitanda. Mwongozo wa Usalama wa Shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 wasema kwamba kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Tuseme bweni lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 6, na milango yake iko katika kuta fupi. Kitanda kikiwa na upana wa sentimita 90, ukuta mrefu mmoja utachukua vitanda 6, na kuta mbili vitanda 12. Vikiwa vitanda vya ghorofa, watalala watoto 24. Basi mzazi akiingia katika bweni la kipimo hicho akakuta masanduku 50, hana haja ya kuuliza mengi. Ajue ya kuwa watoto wanalala wawili wawili, au vitanda vimegusana, na kwamba upele na kikohozi vimepata daraja la kuvukia.

Msongamano huo hauleti maradhi peke yake. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy katika Kaunti ya Nyeri liliungua moto, na wavulana 21 walikufa. Baada ya msiba huo Serikali ilikagua shule za bweni nchini, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Wizara ya Elimu iliamuru mabweni ya shule 348 za watoto wadogo yafungwe kwa kukosa kutimiza masharti. Shule 348 si chache. Nafasi kati ya kitanda na kitanda, mlango unaofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na nondo ni mambo yaliyokuwa yameandikwa tangu mwaka 2008.

Tuje kwenye vyoo. Mwongozo ule ule wasema wanafunzi 30 wa kwanza wawe na matundu 4 ya choo, na kwa 270 wanaofuata liongezwe tundu moja kwa kila 30. Kwa hiyo shule ya wanafunzi 240 yataka matundu 4 kwa 30 wa kwanza, na matundu 7 kwa 210 waliosalia, jumla matundu 11. Choo cha shimo kisipungue kina cha mita 6, tena kiwe umbali wa mita 15 au zaidi kutoka kisimani. Hapa twaongeza shauri letu kwa ajili ya nchi ya milima: pamoja na kuhesabu hatua, tazama mteremko. Choo kilicho juu na chemchemi iliyo chini hata ikiwa mbali haviaminiani.

Tundu la choo lisilo na maji ya kunawa karibu yake ni nusu ya choo. Si lazima pawe na bomba la fedha nyingi. Mtungi wa plastiki uliotobolewa, ukaning'inizwa kwa kamba, ukafungwa kijiti cha kukanyagia kwa mguu, pamoja na kipande cha sabuni, watosha kunawisha bweni zima. Na maji Mungu ametupa. Nyanda za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 tu, hutiririsha maji yakaribiayo lita 1,000. Shule yenye mapaa marefu ya bati, isiyo na mifereji wala tangi, huacha maji safi yapite, kisha huwatuma watoto mtoni.

Jikoni mzazi aulize mambo matatu. Je, wapishi wana vyeti vya afya, ambavyo kwa desturi hupimwa upya kila miezi sita? Je, mahindi na maharagwe yamewekwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, ili unyevu usiyaozeshe yakaota kuvu? Je, maji ya kunywa huchemshwa au hutiwa dawa, na nani hufanya kazi hiyo siku ambayo mwenye zamu hayupo?

Mwisho ni chumba cha wagonjwa. Nyumba ya watoto 100 isiyo na hata chumba kimoja cha kumtenga mgonjwa, imekata shauri mapema kwamba akiugua mmoja waugue wote.

Mgeni aliyetangazwa

Sasa tuje kwenye tabia moja ambayo huharibu kazi hii yote. Habari ikipenya kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi, Jumatano huwa siku ya mapinduzi. Nyasi hukatwa, vyoo humwagiwa dawa hata harufu yake kufika barabarani, mablanketi mapya hutolewa stoo, na watoto waliozidi idadi hupelekwa shambani kuchuma chai au hutumwa nyumbani kuleta karo. Mkaguzi afikapo hukuta nyumba ya mfano. Huandaliwa kiti kivulini, soda, na kuku wa kienyeji pamoja na wimbi. Ijumaa mablanketi hurudi stoo.

Sisi watu wa Gusii tunamheshimu mgeni, wala hatusemi kwamba anyimwe chakula. Lakini yafaa kazi itangulie na mlo ufuate, tena baada ya ripoti kutiwa sahihi. Mkono uliokwisha kushika paja la kuku huandika kwa wino mwepesi. Na ikiwa juu ya kuku kuna bahasha, hapo hapana ukarimu tena. Hiyo ni bei ya afya ya mtoto, na mwenye kuilipa si mkuu wa nyumba; ni mtoto mwenyewe.

Mwenye nyumba anayemdanganya mkaguzi afikirie anamdanganya nani. Mkaguzi atarudi mjini alale kwake. Choo kitabaki, na waliomo watabaki. Ni sawa na mgonjwa anayemficha mganga mahali panapouma, kisha akafurahi kwamba ameambiwa hana ugonjwa.

Mtu aliyerudi kutazama

Zamani huko Uingereza aliishi bwana mmoja aliyeitwa John Howard. Mwaka 1773 alipewa cheo cha msimamizi wa sheria katika jimbo la Bedfordshire, na moja ya kazi zake ilikuwa kuangalia magereza. Waliomtangulia katika cheo hicho waliwaachia walinzi kazi hiyo. Howard aliingia mwenyewe, akapima vyumba, akahesabu watu, akanusa hewa. Wakati huo wafungwa wengi walikufa kwa homa kali iliyoitwa homa ya magereza. Leo twajua, tangu utafiti wa Charles Nicolle wa mwaka 1909, kwamba homa hiyo huenezwa na chawa, ambao hustawi watu wanapobanana bila maji ya kuoga wala nguo za kubadilisha. Howard hakujua habari za chawa, lakini alijua kwamba msongamano na uchafu huua.

Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kuta za magereza zikwanguliwe na kupakwa chokaa kila mwaka, hewa safi iingizwe, na wagonjwa watengwe. Mtu mwingine angalipumzika hapo. Howard alipeleka nakala za sheria hiyo magerezani, kisha akafanya jambo ambalo ndilo sababu ya sisi kumtaja leo: alirudi. Alipanda farasi akazunguka gereza baada ya gereza, akaandika ni wapi sheria imetiiwa na ni wapi imepuuzwa. Mwaka 1777 alichapa kitabu chenye habari hizo, na watu wote wakajua.

Nguvu ya kazi yake haikutoka katika cheo kikubwa wala upanga. Ilitoka katika daftari la ziara ya kwanza alilolishika mkononi wakati wa ziara ya pili.

"Lakini fedha hakuna"

Twajua jibu la wakuu wa shule na wa makao ya watoto. Husema, "Mgao wa Serikali huchelewa, wazazi hawamalizi karo, wafadhili wamepungua. Mkaguzi akitaka vyoo kumi na moja, fedha itoke wapi? Na akifunga nyumba, watoto waende wapi?" Maneno haya si ya kupuuzwa. Kufunga nyumba ghafla kwaweza kumtupa yatima barabarani, na mkaguzi mwenye busara hulifikiri jambo hilo kabla ya kuandika.

Lakini tuyagawe mambo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza halina gharama: kufungua madirisha kila asubuhi, kuanika magodoro juani, kufunika mashimo ya vyoo, kufukia taka, kumtenga mgonjwa, kuacha kupokea mtoto ambaye hana kitanda. Fungu la pili lina gharama ndogo: sabuni, mitungi ya kunawia, mifereji ya bati, dawa ya maji, chokaa ya kuta, kuwapima wapishi. Fungu la tatu ndilo lenye gharama kubwa: bweni jipya, vyoo vipya, tangi la saruji. Ilani nzuri hutoa siku chache kwa fungu la kwanza, majuma machache kwa la pili, na muda wa miezi kwa la tatu, pamoja na mpango wa maandishi. Mkuu asiye na fedha hana udhuru katika fungu la kwanza. Na mara nyingi la kwanza ndilo linalookoa uhai wa watu wengi.

Tena ile tabia ya kupokea watoto kupita nafasi iliyopo, kwa sababu kila mtoto huja na karo yake, si umaskini. Ni biashara, na yafaa iitwe kwa jina lake.

Kazi ya msomaji

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka halmashauri za usimamizi wa shule na vyama vya wazazi. Wasomaji wetu wengi wamo katika vikao hivyo. Huko hujadiliwa alama za mitihani, basi la shule, na sare mpya. Twaomba kwamba katika kikao kijacho waongeze maswali matatu mafupi.

La kwanza: Mkaguzi wa afya alikuja lini mara ya mwisho, na ripoti yake iko wapi? Isomwe mbele ya wazazi. Ikiwa hakuna ripoti, katibu aandike barua kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo kuomba ziara. Hapana sheria inayomkataza mwenyeji kumwalika mgeni huyu.

La pili: Ni mambo gani aliyoagiza, na kwa muda gani? Yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, kila jambo na jina la mtu aliyekabidhiwa.

La tatu: Anarudi lini? Tarehe ya mwisho ya ilani ijulikane na wazazi, na siku hiyo ikipita kimya, barua ya pili iandikwe. Lakini kwa ziara za kawaida, ni heri mkaguzi aje bila kutangaza, asubuhi kabla ya kengele, aone nyumba kama ilivyo.

Kwa makao ya watoto, ambao wengi wao hawana mzazi wa kuuliza, kazi hii ni ya majirani, ya chifu na wazee wa mtaa, na ya waumini wa kanisa linaloyatunza. Anayepeleka gunia la mahindi na sabuni siku ya Krismasi ana ruhusa ya kuomba aonyeshwe mahali watoto wanapolala. Afanye hivyo kwa adabu, bila kuwapiga watoto picha wala kuwauliza habari za kuwaaibisha. Akiona jambo baya, amweleze mkuu wa makao kwanza, na lisipotengenezwa amweleze afisa wa watoto na afisa wa afya.

Twamalizia kwa neno kwa wakaguzi wenyewe. Kaunti zetu ni za milima, barabara huteleza wakati wa masika, na pikipiki za ofisi hazitoshi. Twajua hayo. Lakini ni afadhali kukagua nyumba kumi na kuzirudia zote kumi, kuliko kukagua thelathini usirudie hata moja. Ziara ya kwanza humfundisha mwenye nyumba kwamba sheria ipo; ziara ya pili humfundisha kwamba sheria ina kumbukumbu.

Basi muhula ukifunguliwa, mzazi anayempeleka mtoto asiishie langoni. Aombe ruhusa aingie bwenini, ahesabu vitanda, atembee mpaka chooni, anawe mikono palepale ikiwa maji yapo. Asipoyakuta, ameupata mjadala wa kwanza wa kikao kijacho.